Mtoto wa Kuazima Siku ya Mizani

Nitaanza na wenye makosa, maana nikiwaacha mpaka mwisho nitachoka na wao watapona. Wa kwanza ni mwenye ploti. Wa pili ni mzee wa kijiji wa mtaa wetu. Wa tatu ni baba ya watoto wangu. Kuna wa nne, huyo tutafika kwake. Majina yao siandiki. Wakisomewa hii watajijua, na wakijifanya hawajijui, wake zao watawaonyesha.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne huko kwetu Ukambani, kwa hivyo ukipata mahali nimeandika vibaya, sahihisha ukiendelea. Niliolewa nikaletwa Kitengela mwisho wa miaka ya tisini, wakati nyumbu walikuwa bado wanapita nyuma ya nyumba za watu kama wapangaji wengine, tofauti ni kwamba wao hawakuwa wanapewa notisi. Chumba chetu kilikuwa kimoja kati ya vyumba vinane vya mabati, vinne vikitazamana na vinne, kamba za nguo katikati. Mume wangu alifanya kazi kiwanda cha simiti, anarudi jioni na vumbi mpaka kwenye kope.

Kitu mwenye ploti alijivunia kuliko vyote ni kisima. Kilikuwa kimechimbwa kwa mkono hapo ndani ya ploti, na maji yake yalikuwa tamu. Mtu wa Kitengela anajua maana ya neno hilo. Maji ya visima virefu vya huko yana chumvi, ukipika chai unafikiri umekosea mkebe. Sisi tulikunywa tamu. Mwenye ploti, mzee mmoja aliyetoka upande wa Central akanunua shamba la Mmaasai kwa bei ambayo mpaka leo anaisimulia akicheka, alikuwa akija kila Jumamosi kutoka nyumba yake ya hapo karibu, anachota kikombe kimoja mbele yetu sote, anakunywa, anasema "Aaah!" kama tangazo la redio.

Choo cha shimo cha watu wa vyumba vyote vinane kilikuwa hatua kumi na mbili kutoka kisima hicho, tena upande wa juu. Nilizihesabu kwa miguu yangu nikiwa na ndoo. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu alijua. Ni yeye aliyechimba vyote viwili.

Mtoto wangu wa pili ni msichana. Wakati huo alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mvua kubwa ikanyesha, kile choo kikajaa mpaka mdomoni, na baada ya hapo tumbo la mtoto likaanza kuharisha. Linakauka wiki moja, linarudi. Nilimpeleka kliniki, nikapewa dawa na maneno: mpe uji, mama. Nikampa uji. Uji nilipika na yale maji tamu. Mapaja yake yakaanza kukunjana kama soksi ya mtu mwingine. Aliacha kufukuza kuku, akawa anakaa tu anawaangalia, na kuku wakamzoea mpaka wakawa wanapita juu ya miguu yake. Nikimfunga mgongoni ilikuwa kama nimefunga leso tupu.

Sasa, katika hali hiyo, ndiyo walikuja watu wa chaki.

Walikuwa wanaume wawili na mzee wa kijiji akiwatangulia na fimbo yake ya kikazi. Walitembea mtaa wote wakichora ramani na kuandika nambari kwenye milango. Walisema ni utafiti wa afya wa nchi nzima, kwamba wengine watarudi kuuliza maswali kwa nyumba chache tu, zitakazoangukiwa na kura. Walipogeuka kona, mwenye ploti alitoka na ndoo na kitambaa akaosha milango yote minane. Kwake yeye, nambari kwenye mlango ilikuwa na maana moja tu: tingatinga la kubomoa.

"Mzee," nikamwambia, "hawa ni wa afya."

"Afya ya nani? Mimi si mgonjwa."

Hakujua kwamba wale watu walikuwa wameshaandika kila kitu kwenye karatasi zao, na chaki ilikuwa ya kuwasaidia tu kukumbuka. Baada ya wiki chache mzee wa kijiji alikuja na habari kwamba kura imeangukia chumba chetu. Mwenye ploti aliosha mlango kwa bidii mpaka rangi ikatoka, na ukawa ndio mlango unaoonekana kutoka barabarani.

Jumamosi hiyo hakunywa maji. Alituita sote hapo kwenye kamba za nguo, mzee wa kijiji akiwa kando yake na chai mkononi, chai ya bure, sukari yake ingesimamisha kijiko.

"Watauliza maji mnatoa wapi," mwenye ploti akasema. "Mnasema bomba."

"Bomba gani, mzee?" nikauliza.

"Ile inakuja."

"Inakuja lini?"

"Mama, kitu ikikuja, si itakuwa imekuja? Sema bomba. Na choo mnasema kila nyumba iko na yake. Kaunsili ikisikia vingine watafunga hii ploti, na nyinyi ndio mtalala nje, si mimi."

Mzee wa kijiji akameza chai, akaongeza yake. "Tena hao watu wanapima watoto. Kilo na urefu. Mtoto akipatikana mwembamba, mama anaandikwa jina, jina inapelekwa kwa chifu."

Wote wakaniangalia mimi. Hawakuangalia uso, waliangalia mgongo, mahali mtoto alikuwa.

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa mama wa Kimaasai, mume wake askari wa usiku mjini. Huyo alikuwa na mvulana wa umri ule ule, na sijui nikueleze vipi yule mtoto. Alikuwa na mashavu ya mtu anayegombea kiti. Nyanya yake alikuwa anatuma maziwa kutoka upande wa Isinya kila baada ya siku mbili, na mama yake alisema maji ni ya kuosha miguu, mtoto wa kiume hapewi. Tulimcheka. Sasa najua tulikuwa tunacheka mtu mwenye akili kutuzidi.

Mwenye ploti akamnyooshea kidole yule mvulana. "Si huyo hapo? Mtoto ni mtoto. Wapimaji hawajui nani ni wa nani."

"Huyo ni kijana, mzee," jirani akasema. "Wa huyu ni msichana."

"Si mtamvalisha rinda!"

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Lakini jioni nilimwambia mume wangu, nikitegemea atakataa. Alikuwa ananawa uso. Alisema hivi, namnukuu kwa sababu ni makosa yake na anastahili kuyapata yakiwa mazima: "Wewe fanya tu vile mzee amesema, yaishe. Kutoka hapa mpaka kazini ni karibu. Nyumba ingine nitatoa wapi?" Halafu akajifuta na taulo la mtoto.

Siku ya wapimaji ilikuwa Jumanne. Alikuja msichana mmoja wa viatu vya raba, Kiswahili chake cha Nairobi, na mwanaume wa makamo aliyebeba mizani na ubao mrefu kama wa kunyooshea nguo. Nilikuwa nimefagia mpaka chini ya kitanda. Mvulana wa jirani alikuwa amekaa kwa kiti changu, amevaa rinda la mtoto wangu la Krismasi, la pinki, limembana mabega mpaka mikono ikasimama kando kama ya mlinda lango. Mtoto wangu mwenyewe alikuwa kwa jirani, nyuma ya pazia.

"Takwenya!" jirani akamsalimia mgeni kwa Kimaasai kutoka mlangoni, ajue hapa hakuna wasiwasi.

"Asante, mimi nimekula," msichana akajibu. Jirani akashika mdomo akaenda zake.

Msichana alifunga mlango nusu, akaniambia yale mazungumzo ni ya sisi wawili. Kwamba jina langu halitatangazwa popote, wala kwa chifu, wala kwa kaunsili.

"Sasa hayo maswali ni ya nini?" nikamwuliza.

Alifikiri kidogo, akaangalia sufuria yangu ya maharagwe juu ya jiko. "Mama, ukitaka kujua kama hiyo imeingia chumvi, unakula sufuria yote?"

"Naonja kijiko."

"Basi, wewe ndiwe kijiko. Hatuwezi kuingia kila nyumba Kenya nzima. Tunaonja hapa na pale, halafu baada ya miaka kadhaa tunaonja tena, tujue watoto wanaendelea vizuri au wanarudi nyuma. Lakini kijiko ikidanganya, mpishi atajuaje?"

Nilicheka kwa adabu. Halafu nikaanza kudanganya.

Watoto wangapi? Wawili, mvulana mkubwa na msichana. Huyu mdogo ni msichana? Ndiyo. Maji ya kunywa mnatoa wapi? Bomba. Liko wapi, ndani ya ploti au nje? Nikasema ndani. Kule nje nikasikia ngazi ikiegemezwa kwa ukuta, na juu ya dirisha langu miguu ya mwenye ploti ikatokea. Alikuwa amekuja kutengeneza gata la maji ya mvua. Miezi minane tulikuwa tumemlilia kuhusu hilo gata, na ilibidi serikali iulize habari ya maji ndipo akapata nafasi. Choo? Kila nyumba iko na yake, nikasema. Nyundo ya mwenye ploti ikagonga mara mbili, ngo ngo, kama mwalimu anayeweka vema.

Maswali yaliendelea kwa muda. Yalikuwa mengi kuliko ya padri, na mengine nisingemjibu hata padri. Mwisho msichana akafunga karatasi, akamwita yule mwenzake na mizani.

"Haya, tumpime mrembo. Mama, mtoe nguo."

"Nguo?"

"Lazima. Nguo inaongeza uzito."

Hapo ndipo ujue watu wa Kitengela. Tulikaa kikao kizima, watu wazima kumi na tano, na mzee wa kijiji akiwa na fimbo, tukapanga rinda, tukapanga bomba, tukapanga vyoo vinane, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mtoto akipimwa anavuliwa.

Nikasema ana mafua. Msichana akasema ni dakika moja. Nikasema rinda limekwama, na hilo lilikuwa kweli. Mwanaume wa mizani, mtu mpole ambaye lazima alikuwa na watoto wake, akamwinua mvulana kwa kwapa, akalipandisha rinda lote kwa mkono mmoja. Mvulana akafurahia upepo, akakojoa, moja kwa moja, juu ya ubao wa kupimia urefu.

"Sista," yule mwanaume akasema pole pole, akimwangalia msichana, "huyu msichana ni mvulana."

Dirishani miguu ikasimama kabisa.

Nilingoja msichana acheke au anifokee. Alifuta ubao na kitambaa, akanirudishia mvulana, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, na yule mwingine yuko wapi?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Ningesema yuko Machakos kwa nyanya yake. Nilikuwa nimelitayarisha hilo. Lakini mtoto wangu alikuwa hapo nyuma ya mabati, ukuta mmoja tu, na akakohoa kile kikohozi chake kidogo, kama mtu anayebisha hodi na hataki kusumbua. Nikaenda nikamleta.

Walimvua. Nguo yake yeye haikukwama popote. Walimweka kwa mizani na mshale ulisogea kidogo ukasimama, na mwanaume akagonga kioo kwa kidole akifikiri umekwama. Haukuwa umekwama. Msichana akashika kifundo cha mkono wa mtoto kwa vidole viwili, akashika muda mrefu. Mtoto akamwangalia vile alikuwa anaangalia kuku.

"Rudisha karatasi nyuma," nikamwambia.

"Wapi?"

"Kwa maji."

Akafungua. Nyundo ikagonga nje, kwa nguvu sana.

"Si bomba," nikasema. "Ni kisima. Na choo ni kimoja, watu wote. Hatua kumi na mbili. Andika kumi na mbili."

"Bomba iko!" mwenye ploti akapiga kelele kutoka juu ya ngazi.

Msichana akatoa kichwa dirishani, akauliza kwa heshima, "Iko wapi, mzee? Nikuje nione."

"Inakuja!"

Akarudi akakaa. Akafuta, akaandika upya. Mimi nikasimama nyuma yake, na sijui kusoma vizuri lakini vijisanduku nilivitambua, akitia alama kwa hiki, akitia kwa kile.

"Na yeye unamwandika wapi?" nikauliza.

"Nani?"

"Huyo wa ngazi. Ndiye alichimba."

"Mama, hapa hakuna mahali pa mtu. Tunaandika maji na choo. Haiandikwi ni nani."

Nilishangaa sana. Karatasi nyingi hivyo, serikali nzima, na hakuna kijisanduku cha mwenye makosa! Basi mwenye ploti alikuwa amejichosha bure kuosha milango, na mimi pia nilikuwa nimemshtaki bure. Hiyo ndiyo sababu mojawapo naandika hii. Mtu lazima apate kijisanduku chake mahali.

Msichana aliandika barua, akaniambia nisikae nayo hata siku moja, niende hospitali Kajiado. Akaniambia tena, akishika mkono wangu vile alivyoshika wa mtoto: "Mama, leo."

Mwenye ploti alishuka ngazi akanipa notisi hapo hapo, ya mdomo, mpaka mwisho wa mwezi uliofuata. Sikungoja kumaliza kuisikia. Jirani alinifunga mtoto mgongoni, akanipa chupa ya maziwa ya yule nyanya wa Isinya, na mvulana wake akabaki kwa mlango akiwa bado na rinda, maana lilikuwa halitoki.

Hospitali tulikaa wiki tatu. Sista mmoja pale, mkali kama pilipili, alikuwa anampima kila asubuhi na kunisomea mshale kwa sauti, kama ananisomea makosa yangu. Siku za kwanza ulikuwa unarudi nyuma. Kuna asubuhi moja hata sista hakusoma, aliandika tu akaenda. Nilikaa na huyo mtoto kwa kitanda nikihesabu pumzi. Hapo hakuna utani nitakaoweka.

Wiki ya pili binti yangu alimpokonya mtoto wa kitanda jirani kijiko akakataa kukirudisha. Mama yake mtoto alikasirika kidogo. Mimi nilikuwa nalia, yeye akadhani nalia kwa aibu, akasema basi yaishe, ni kijiko tu.

Mume wangu alikuja Jumapili mbili, na vumbi lake. Ya pili alimbeba mtoto mpaka nje kwenye jua, akakaa naye hapo, kisha akaniambia, "Ningekataa."

"Ungekataa."

"Si nilikuwa nimechoka?"

"Ulikuwa umechoka."

Hatujawahi kuongea zaidi ya hapo. Kwa mume wa Kikamba hiyo ni hotuba.

Niliporudi ploti, kabla siku ya notisi haijafika, niliwaambia wanawake wote yale sista wa hospitali alisema, kwamba uchafu wa choo unaingia kisimani na ndio unaharisha watoto. Sikuhitaji kuongeza. Kulikuwa na watoto wengine wawili wa kuharisha. Kesho yake asubuhi tulitoka wote na mitungi kwenda kisima kirefu cha kanisa, maji ya chumvi, chai mbaya, na njia ya kurudi ilipita mbele ya veranda ya mwenye ploti, anapokunywa uji na redio. Hatukumtukana. Tulimsalimia. Mmoja mmoja, na mtungi kichwani.

"Habari ya asubuhi, mzee."

"Habari ya uji, mzee."

"Umeamkaje, mzee? Maji tamu iko?"

Wanawake wanane, kila asubuhi. Wiki ya pili alihamisha kiti chake akaenda kukaa nyuma ya nyumba, na kufika mwisho wa mwezi hakuna aliyemsikia akitaja notisi. Kisima alikifunika na bati akaweka jiwe juu, akawaambia watu ni wazo lake. Bomba lilikuja baada ya miaka mingi, na alilizindua mwenyewe.

Watu wa utafiti walirudi kwenye miaka ya elfu mbili na kidogo. Si wale, wengine. Kura iliangukia jirani yangu wa Kimaasai, mimi wakanipita. Niliwaambia niko na majibu mazuri sasa, yote ya kweli, wakaniambia hawawezi kubadilisha mlango. Nilikasirika kama mtu aliyenyimwa kura.

Binti yangu alikuwa ametoka shule. Alisimama na begi akiangalia watoto wa jirani wakipandishwa kwa mizani.

"Mbona mimi sipimwi?"

"Wewe ulipimwa zamani."

"Nikiwa na kilo ngapi?"

Nilikuwa napanga nguo kwa kamba, nikazipanga vizuri, moja moja. Nambari ile ninayo mpaka leo, naweza kukuambia mshale ulisimama wapi na rangi ya kioo. Ningemwambia pia ni nani yule mwenye makosa wa nne, aliyemficha nyuma ya pazia akamkalisha wa kuazima kwa kiti chake.

"Nimesahau," nikamwambia.

"Wewe? Husahau hata kikombe kilivunjwa na nani."

Akaweka begi chini, akaenda kujaribu mizani mwenyewe, viatu vikiwa mguuni, na yule mama wa mizani akamfukuza.